Pepstatini A: kizuizi cha maabara kinachohitaji mwangalizi makini

Pepstatini A ni unga mweupe unaouzwa kwa miligramu, na kwa anayechunguza jinsi fangasi aitwaye kandida anavyopenya tishu, ndicho kizuizi cha vimeng'enya ambacho kwa kawaida huagizwa kwanza. Iligunduliwa Japani na kundi la Hamao Umezawa, lililoitangaza mwaka 1970, nayo hutolewa na bakteria wa jenasi Streptomyces.

Mimi huitumia dhidi ya vimeng'enya vya Sap, ambavyo Candida albicans huvimwaga nje ya seli ili kukata protini kama albumini, kolajeni na hata kingamwili za IgA. Kwa kazi hiyo haijawahi kuniangusha. Kwenye agari (jeli ya kuoteshea vijidudu) yenye albumini, ambako fangasi hujizungushia duara angavu kadiri protini inavyokatwa, duara hilo hufifia mara tu kizuizi kinapowekwa. Na albumini ikiwa ndiyo chanzo pekee cha naitrojeni, ukuaji nao hudumaa. Ukiongeza chumvi ya amonia, fangasi hukua tena kama kawaida, jambo linalonithibitishia kwamba hakuuawa bali alinyimwa chakula.

Kero yake kubwa ni kwamba haiyeyuki vizuri majini. Mimi huiyeyusha katika methanoli yenye asidi asetiki kidogo, miligramu 1 kwa mililita 1, kisha ninatumia chini ya mikrolita 1 kwa kila mililita ya mchanganyiko ili kupata takriban mikromola 1 kwa lita. Sampuli ya ulinganisho lazima ipewe methanoli ileile. Asiyefanya hivyo asiyaamini majibu yake.

Kasoro inayonisumbua zaidi ni kwamba haichagui. Huzuia pia pepsini na kathepsini D, vimeng'enya vya mwili wenyewe, ilhali Sap9 na Sap10, aina mbili za Sap zilizonasa kwenye uso wa seli ya fangasi, haizishiki vyema. Kwa hiyo tishu ikinusurika, huwezi kusema kwa hakika ni kimeng'enya cha nani kilichozuiwa. Kandida zilizoondolewa jeni zinazotengeneza Sap, yaani SAP1 hadi SAP3, au SAP4 hadi SAP6, zimeonekana zikipenya tishu za maabara vilevile, na mwaka 2016 ilielezwa sumu ya fangasi huyohuyo, kandidalisini, ambayo hutoboa seli bila kuhitaji Sap.

Kama dawa siipendekezi, kwa kuwa huondolewa haraka kwenye damu. Ritonaviri na sakwinaviri, dawa zilizobuniwa dhidi ya VVU, nazo hushika Sap, lakini kwa viwango vikubwa kuliko vinavyohitajika kumzuia kirusi. Anayeanza utafiti huu humshauri anunue pepstatini kidogo, na kando yake aagize kandida zisizo na jeni za SAP.