Mbegu safi au dawa ya kupulizia? Tathmini ya huduma ya kitalu cha miwa wilayani Mayuge

Wakulima wengi wa miwa katika Busoga, mashariki mwa Uganda, hupata mbegu kwa jirani. Shamba likivunwa, mashina hukatwa vipande, hupakiwa kwenye trekta au pikipiki, na kesho yake pingili huwa zimeshafukiwa mahali pengine. Njia hii ni rahisi na haina gharama kubwa, lakini ndiyo inayosafirisha virusi vya batobato, ugonjwa unaotia mabaka kwenye majani ya miwa, mbali zaidi kuliko mdudu yeyote anavyoweza kuruka. Kwa sababu hiyo nimeona inafaa kueleza kwa kirefu huduma ya kitalu kimoja kilichoko wilayani Mayuge, ambacho huuza mbegu ya miwa iliyokaguliwa na kisha humtuma mkaguzi wake kwenye shamba la mnunuzi wakati miwa ingali michanga. Nimeitumia kwa zao zima, na sasa shamba liko kwenye maotea ya kwanza, yaani miwa inayochipua tena kwenye visiki baada ya mavuno. Jina la kitalu naliacha, kwa kuwa ninacho cha kusifu na cha kulalamikia pia.

Kwanza ugonjwa wenyewe. Batobato ya miwa husababishwa na virusi vinavyoenezwa na vidukari, hasa kidukari wa mahindi. Mdudu huyu anapotua kwenye jani huchoma ngozi yake kwa mdomo mwembamba kama sindano ili kuonja utomvu, na ikiwa jani hilo ni gonjwa, sekunde au dakika chache zinatosha kumfanya abebe virusi mdomoni na kuvipandikiza kwenye jani la pili analolionja. Mtafiti wa Marekani, E. W. Brandes, alithibitisha jambo hili mwaka 1920, na haikupita miaka mingi kabla ya wakulima wa Louisiana kuona sekta yao ya sukari ikikaribia kufa kwa batobato, hadi walipoletewa aina za miwa kutoka Java zilizostahimili ugonjwa huo. Mmea ukishaambukizwa hakuna dawa ya kuuponya. Kila pingili itakayokatwa kwenye shina hilo inaweza kuzaa shina gonjwa, na kila maotea yatakayochipua kwenye kisiki hicho yanaweza kubaki na virusi hivyo hivyo.

Hapo ndipo thamani ya kitalu hiki inapoonekana. Mbegu yake hutokana na miche ya maabara iliyokuzwa kutoka kwenye ncha changa kabisa ya chipukizi, sehemu ambayo mara nyingi virusi huwa havijaifikia, kisha huzidishwa shambani kwa hatua, huku kila hatua ikikaguliwa kabla ya kukatwa kwa ajili ya ile inayofuata. Mzigo niliopokea ulikuwa na pingili zenye macho mazima, zisizo na mashimo ya funza na zisizokauka ncha. Miwa iliota kwa usawa, na mapengo kwenye mistari yalikuwa machache kiasi kwamba kazi ya kupandia tena haikuchukua muda.

Lakini sehemu ya huduma hii ninayoithamini zaidi ni ukaguzi. Mkaguzi aliyekuja kwangu alikuwa kijana mpole, mwenye haraka ya kufundisha kuliko ya kuondoka. Alifika asubuhi mapema kabla jua halijawa kali, akapita mistari huku jua likiwa mgongoni mwake, na alipokuta shina lenye shaka hakutazama majani makubwa yaliyoning'inia. "Mzee, hayo ya chini yamechoka, yatakudanganya," aliniambia, kisha akalifunua taratibu jani changa la katikati lililokuwa bado limejikunja, akaliinua kuelekea kwenye mwanga na kunionyesha sehemu ya chini karibu na shina. Palikuwa na mabaka ya kijani kibichi cha kawaida yaliyozungukwa na kijani kilichopauka, marefu kiasi, yasiyo na mpangilio. Kisha akanipeleka kwenye shina jingine ambalo mimi ningeling'oa bila kusita, akanionyesha kwamba michirizi yake ilikuwa imenyooka sambamba na mishipa ya jani kutoka mwanzo hadi mwisho, dalili ya upungufu wa madini, na kwamba lilihitaji mbolea tu. Tangu siku hiyo ninaweza kuifanya kazi hii mwenyewe, na hilo peke yake lingetosha kuhalalisha malipo.

Mashina yaliyothibitika kuwa magonjwa aliyang'oa na visiki vyake pamoja na mizizi. Kukata juu ya ardhi hakusaidii chochote, kwa sababu kisiki kitachipua tena na kuwa chanzo cha ugonjwa kwa vidukari watakaokuja. Alisisitiza pia kwamba kazi hii ifanywe mapema, kabla miwa haijafunga shamba, maana baadaye mtu hawezi hata kupita kati ya mistari, sembuse kuona jani la katikati.

Nimeulizwa na wakulima wenzangu kwa nini nisinunue tu dawa ya wadudu kwenye duka la pembejeo, ambayo chupa yake moja ni nafuu kuliko huduma nzima ya kitalu. Jibu linatokana na namna virusi vinavyosafiri. Kidukari anayepita huambukiza jani kwa kuonja tu, na dawa humuua baada ya kuwa ameshaonja. Kwa hiyo shamba lililopuliziwa linaweza kuwa na wadudu wachache na bado likapata batobato. Zaidi ya hayo, dawa nyingi huwaua pia wale wadudu wadogo wa mviringo wenye madoa mgongoni ambao, wao na viluwiluwi vyao, hula vidukari kwa wingi, na mkulima hujikuta mwezi unaofuata ana vidukari wengi kuliko mwanzo. Ningependa wenye maduka wawaeleze wateja jambo hili waziwazi kabla ya kupokea fedha zao.

Upo ugonjwa mwingine wa virusi ambao mkaguzi alinitahadharisha nao, ule wa kugeuka njano kwa majani, unaoenezwa na kidukari wa miwa. Huyu hutofautiana na mwenzake kwa kuwa hunyonya kwa muda mrefu, na akishavipata virusi hubaki navyo maisha yake yote. Dalili yake ni mshipa mkuu wa jani kugeuka njano, hasa upande wa chini, kwenye miwa iliyokwisha kukua, na huonekana zaidi wakati wa ukame. Mara nyingi mkulima hudhani ni njaa ya udongo. Hapa pia kinga ya kwanza ni mbegu iliyotoka kwenye miche ya maabara.

Sasa malalamiko. Kwenye ofisi ya kitalu pamebandikwa tangazo linalosema kwamba mbegu yao "imeoshwa kwa maji moto na haina ugonjwa wowote." Maji moto yana kazi yake: kulowesha pingili kwa saa 2 katika nyuzijoto 50 kunadhibiti ule ugonjwa wa bakteria unaodumaza maotea, na ni jambo jema wanalifanya. Lakini maji hayo hayategemewi kuondoa virusi vya batobato. Kinachoilinda mbegu yao dhidi ya batobato ni maabara na ukaguzi, na mkulima anayesoma tangazo lile anaweza kwenda nyumbani, akachemsha maji kwenye pipa, akalowesha pingili za jirani yake na kuamini kwamba yuko salama. Nilimweleza msimamizi, naye alinisikiliza kwa heshima, ila tangazo bado lipo. Tangazo la namna hiyo linapaswa kuondolewa.

Lalamiko la pili linahusu maotea. Huduma ya ukaguzi huishia kwenye zao la kwanza, ilhali virusi hujilimbikiza kadiri kisiki kinavyoendelea kuvunwa. Katika Busoga tunavuna baada ya takriban miezi 18, na wengi tunategemea maotea kadhaa kabla ya kupanda upya. Kitalu kingetoa ukaguzi wa maotea, hata kwa malipo ya ziada, mimi ningekuwa wa kwanza kujiandikisha. Usafirishaji nao ulichelewa, na mvua zilikuwa zimeshaanza mbegu ilipofika. Pingili zilizokatwa hazipaswi kukaa siku nyingi bila kupandwa, kwa hiyo ucheleweshaji huo hauvumiliki kwa urahisi.

Bei ni ya juu kuliko ya mbegu ya jirani, na kwa mwenye shamba dogo inauma. Ushauri wangu kwake ni kununua kidogo, apande kipande kimoja kama kitalu chake mwenyewe mbali na miwa ya zamani, akikague, kisha azidishe mbegu kutoka hapo.

Jambo moja ambalo kitalu kinalifanya vizuri bila kulitangaza ni kumhoji mnunuzi kuhusu mazao ya jirani. Huku kwetu ni kawaida kupanda mahindi kati ya mistari ya miwa michanga ili kupata chakula na fedha wakati wa kusubiri. Mkaguzi alinishauri nipande maharage badala yake, kwa kuwa mahindi na mtama huwalea vidukari wale wale na huweza kubeba virusi vile vile vya batobato. Hatari hiyo inarudi pia upande wa mahindi: ugonjwa wa mnyauko mkali wa mahindi, ulioonekana Bomet nchini Kenya mwaka 2011 kabla ya kuingia Uganda, hutokea pale virusi vya batobato ya miwa vinapokutana na virusi vingine ndani ya mmea mmoja wa mahindi. Mwenye miwa migonjwa, kwa hiyo, anahatarisha pia posho, yaani ugali, ya jirani yake.

Anayekusudia kupanda kwa mvua za Machi aagize kabla ya Krismasi, kwa kuwa mbegu nzuri hukatwa ikiwa na umri wa miezi 8 hadi 10 na kitalu hakiwezi kuiharakisha. Aulize imetoka hatua ya ngapi tangu maabara, aombe kuonyeshwa kumbukumbu ya ukaguzi wa mwisho wa kipande kile, na ikiwezekana awepo mwenyewe siku inapokatwa, afunue majani machache ya katikati na kuyatazama kwenye mwanga kabla trekta halijapakiwa.