Boti ya Entebbe na mnara wa uwanja wa zamani

Jumamosi iliyopita nilimchukua baba mdogo, aliyetutembelea kutoka Bukoba, tukapanda boti ya matembezi pale Entebbe. Tulilipa shilingi laki moja na nusu kila mmoja, sato wa kukaanga na soda humo humo. Tulichelewa kung'oa nanga kwa dakika arobaini na hakuna aliyetueleza sababu. Basi, boti ni safi, jaketi za kuokolea zinafunga vizuri, na nahodha hana papara.

Kilichonipeleka mimi ni uwanja wa ndege wa zamani. Ni eneo la jeshi, huingii hivi hivi, lakini ukiwa majini mnara wa kuongozea ndege unauona wazi. Nahodha alizima injini, tukaelea. Jengo walimofungiwa mateka wa ndege ya Air France mwaka 1976 lilishabomolewa sehemu kubwa. Mwongozaji alisimulia hadi watu wakaacha simu zao: ndege kutekwa Juni 27 ikitoka Athens, rubani Michel Bacos kukataa kuwaacha abiria wake, makomando wa Israel kutua usiku wa kuamkia Julai 4 na kuondoka na mateka 102. Alimtaja Yonatan Netanyahu, kamanda aliyeuawa pale, na Dora Bloch, yule bibi mateka aliyekuwa amepelekwa hospitali ya Mulago, Kampala, akauawa baadaye. Askari wa Uganda waliokufa usiku ule aliwapitia kwa sentensi moja. Hilo liliniuma. Nao walikuwa na mama zao.

Na vita ya 1979, Tanzania ilipomng'oa Idi Amin, hakuigusa kabisa. Alikuwa anamwashiria nahodha awashe injini, baba mdogo akamshika bega: "Mwanangu, ngoja kidogo. Sisi hapa tulifika kwa miguu." Wakati wa vita ile alikuwa kijana wa JWTZ, jeshi la Tanzania. Akavua kofia, akahesabu kwa vidole: Mutukula, Masaka, Lukaya, Mpigi, halafu Entebbe yenyewe, Aprili 7, siku chache kabla Kampala haijaanguka. Kidole cha mwisho alikikunja akakishikilia, akawataja wenzake wawili waliobaki njiani. Miaka yote nimemjua mzee huyu, majina hayo sikuwahi kuyasikia.

Mwongozaji aliketi chini kwenye sakafu ya boti, akatoa daftari, akaandika. Aliuliza maswali ya maana, tena kwa Kiswahili kizuri chenye heshima. Sato walipoa na hakuna aliyelalamika.

Kituo cha pili kilikuwa bustani ya mimea ya mwaka 1898. Panapendeza, miti mikubwa, nyani wengi, lakini muda ulikuwa umekwisha.

Bebeni sweta, upepo wa ziwani jioni ni mkali. Mwezi ujao narudi na mama, na nimeshaomba tupewe mwongozaji yule yule.