Yagi ya tepu ya fundi: uzoefu wangu kwenye mita 2

Kama una leseni ya redio ya ridhaa na redio koli ya wati 5, na antena fupi ya mpira iliyokuja nayo imeanza kukuchosha, mimi nakushauri uanze na Yagi, yaani antena ya kuelekeza upande mmoja, ya vijiti vitatu kwa bendi ya mita 2 (144 hadi 146 MHz), iliyotengenezwa kwa tepu ya chuma ya kupimia. Mchoro wake ulitolewa na Mmarekani Joe Leggio, mwenye alama ya mwito WB2HOL, kwa ajili ya wanaosaka mitambo ya redio iliyofichwa. Ndiyo maana ya tepu: ikikwama kichakani inapinda, ukiivuta inajinyoosha. Mimi naitumia Dar es Salaam kusikiliza Kituo cha Kimataifa cha Anga, ISS, na kwa kazi hiyo sijaona antena ya bei ndogo inayoishinda.

Vifaa vyote nilivipata Gerezani, Kariakoo: bomba la PVC la nusu inchi na viungo vyake, klipu za kubania mpira wa maji, na tepu pana ya inchi moja. Kijiti cha nyuma kina sentimita 105, cha mbele 89. Cha kati ni vipande viwili vya 45 vilivyoachana kwa sentimita 2.5. Kutoka nyuma hadi kati ni sentimita 20, kati hadi mbele 32. Vile vipande viwili vinaunganishwa na waya mgumu wa shaba wa sentimita 12.5 uliokunjwa kama herufi U, na huo ndio unaoilinganisha antena na kebo ya omu 50. Usiuache.

Penye kazi kweli ni kwenye kulehemu kwa risasi. Rangi ya tepu lazima ikwanguliwe kwa msasa mpaka chuma king'ae, halafu uweke risasi kwenye tepu kwanza, kabla waya haujafika. Pasi ndogo ya kulehemu ya fundi simu haitoshi, kwa sababu chuma kinanyonya moto wote; tumia ya wati 60 au zaidi. Ukimaliza, paka rangi au gundi kwenye maungio na kwenye ncha ulizokata. Kwa hewa yetu ya pwani kutu haichelewi.

Nilipoipima kwa NanoVNA, kipimo kidogo cha antena, SWR (kadiri nguvu inavyorudi kwenye redio badala ya kutoka; 1 ndiyo bora) ilikaa chini ya 1.5 kote kati ya 144 na 146 MHz. Lakini raha yake ni angani. ISS inapotokea kwenye upeo wa macho iko zaidi ya kilomita 2,000 kutoka ulipo, na hapo antena ya mpira inakupa mvumo tu. Ukiielekeza Yagi kule na kuzungusha kiganja taratibu, vijiti vikitoka kulala hadi kusimama, kuna pembe ambapo mvumo unakatika na sauti inatoka safi kwenye 145.800 MHz. Pembe hiyo inabadilika kadiri kituo kinavyopita, kwa hiyo mkono hautulii kwa dakika zote kama kumi. Siku kituo kinaporusha picha, simu yenye programu ya Robot36 ukiiweka karibu na spika inachora picha mstari kwa mstari, kama dakika mbili kwa picha moja. Mawimbi yakififia, mstari unajaa chenga papo hapo, na unajua mara moja kwamba mkono umelegea.

Udhaifu wake ni kwamba ni ya mita 2 tu. Ripita ya ISS, mtambo unaopokea sauti na kuirusha tena, inapokea kwenye 145.990 MHz kwa toni ya 67 Hz (mlio wa chini unaoifungua) na kurusha kwenye 437.800, ambayo ni bendi nyingine. Mimi narusha kwa Yagi na kusikiliza kwa redio ya pili yenye antena ya mpira. Kituo kikipita juu kabisa inatosha, kikipita chini haitoshi.

Anayetaka bendi zote mbili kwenye mpini mmoja, Arrow ya Marekani ni nzuri sana. Nimeishika ya rafiki: vijiti vyake ni vya mishale ya alumini, vinafunguliwa na kuingia begini. Ila ukijumlisha usafiri na ushuru, bei si ya mtu anayeanza. Pia niliwahi kuagiza moja ya bei poa mtandaoni, ya kiwanda ambacho sikitaji. Tangazo lilisema dBi 12 (kipimo cha jinsi antena inavyoongeza nguvu upande mmoja) kwa vijiti vitatu. Haiwezekani, tegemea 7 au 8. Ukiona tarakimu kubwa kwenye bomba fupi, pita.

Fedha utakayookoa nunua kebo fupi laini yenye SMA, kiungio kidogo cha antena cha redio koli, maana kebo nene ikining'inia inang'oa tundu la redio koli. Na kabla ya kubonyeza kitufe cha kurusha, hakikisha leseni ya TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, na alama yako ya mwito inayoanza na 5H viko sawa.