Apu ya kupima safari za ndege: kilomita sawa, masaa imetudanganya

Dadangu ameenda New York na ile ndege ya moja kwa moja kutoka JKIA Nairobi, sasa mathe akataka kujua atafika saa ngapi. Nikapakua apu moja ya bure (jina nawaachia), unaandika unatoka wapi na unaenda wapi inakupa umbali na muda. Kwanza ikanipimia kutoka Wilson, ule uwanja mdogo wa Nairobi, eti Dreamliner, lile dege kubwa la safari ndefu, itoke Wilson na vile vindege vya Mara haha, ikabidi nichague NBO (kodi ya JKIA) mwenyewe.

Kilomita iko sawa, iliandika 11,800 na kitu mpaka JFK, uwanja wa New York. Ramani pia ni poa, inachora njia imepinda, mathe akauliza mbona rubani anazunguka na si angenyoosha tu. Nikachukua mpira wa mtoto nikavuta uzi kati ya pointi mbili, akaona uzi ukikazwa kwa kitu cha mviringo hiyo ndiyo njia fupi, ramani ya bapa ndiyo inafanya ionekane imepinda. Hapo nilikuwa nimeshaipa nyota tano kichwani.

Shida ni masaa. Ilisema saa 13 na dakika 9. Ndege ikatoka karibu saa sita usiku kwa hivyo mathe akahesabu saa saba mchana mtoto yuko chini, saa saba ikafika kimya, saa nane kimya, WhatsApp tiki moja, akaanza kupigia shangazi na shangazi akapigia watu wa maombi, mimi hapo naitwa niulizwe kwani hiyo simu yako ilisema nini. Meseji ikaingia saa tisa na nusu, "nimefika, niko laini ya pasipoti". Kumbe hiyo safari ni saa 14 hadi 15!

Nikachukua kalkuleta. Gawa kilomita kwa 900 (mwendo wa ndege kwa saa), basi, hiyo ndiyo akili yote ya apu. Haihesabu ndege kutambaa chini kabla ya kupaa, wala kupanda na kushuka polepole, wala upepo wa juu kule Atlantiki unaovuma kuelekea mashariki, ndio maana London kwenda New York ni kama saa 8 na kurudi ni kama 7. Anga ya Sudan nayo ilifungwa vita vilipoanza Aprili 2023 ndege zikawa zinazunguka, apu inapita katikati tu kama hakuna kitu. Jaribu Mombasa, itakuambia dakika 28, na tiketi inasema karibu saa nzima.

Saa ya kule pia haibadilishi, hesabu mwenyewe: Nairobi iko mbele saa 7 wakati wa joto lao na 8 wakati wa baridi, juu wao husongesha saa na sisi hatusongeshi.

Na matangazo ya kubeti kila ukibonyeza kitu, zii.

Nyota mbili. Kilomita bado naitumia, masaa nasoma kwa tiketi, na mathe nimemwekea ile ingine ya kuonyesha ndege ikitembea laivu, sasa bando ndiyo inaisha.