Sherehe za ufunguzi kwa TV: tumeziangalia na watoto na shosho, hivi ndo naziona

Wamama wawili wa kwa court yetu wameniuliza swali moja ndani ya wiki moja, ati zile sherehe za ufunguzi wa Olimpiki na Kombe la Dunia ni kitu unaweza wekea watoto bila wasiwasi ama ni ya watu wazima. Nimeona niandike tu mara moja, juu jibu langu si la ndio ama la, na nimeziangalia nyingi, zingine mara mbili.

Kwanza mjue nyumba yetu ikoje. Tuko Donholm, TV ni moja na iko sebuleni, ya chumbani hakuna, kwa hivyo kitu kikiwekwa kinaangaliwa na kila mtu aliye kwa nyumba: mimi, baba Shiru, Shiru mwenyewe ambaye saa hii ana miaka 12, kakake wa 8, na mama mkwe, shosho wa watoto, akitutembelea kutoka Murang'a, na yeye akija hakai siku mbili, anakaa mwezi. Mtoto ukimwambia atoke atatoka. Mama mkwe huwezi mwambia aende chumbani ati kuna kitu kinakuja kwa skrini. Kwa hivyo mi nikisema kitu kinafaa familia namaanisha kinafaa hilo kochi lote, kuanzia mtoto wa nasari hadi mama wa kanisa.

Wacha nianze na Olimpiki ya Paris juu hiyo ndo ilileta maneno mengi.

Ilikuwa Ijumaa tarehe 26 Julai 2024, ikaanza saa mbili na nusu usiku saa zetu, kesho yake hakuna shule, nimepika chapati na ndengu, tumekaa wote. Mwanzo ni mtamu kweli. Zidane, yule mwanasoka wa zamani wa Ufaransa, anakimbia na mwenge ndani ya Paris, unafika kwa watoto, alafu kuna mtu amefunika uso anaruka nao juu ya mapaa ya nyumba, kijana wangu alisimama na hakukaa tena. Timu zinakuja na mashua kwa mto Seine, mashua 85, wanamichezo karibu 6,800, mvua inanyesha nao wanapungia watu tu. Kulikuwa na hata kale kakipande ka Minions wakiwa ndani ya nyambizi na Mona Lisa. Hapo hata mtoto wa miaka mitatu angefurahi.

Alafu ikaja ile jengo ya zamani, Conciergerie. Madirishani kumejaa wanawake wa gauni nyekundu, vichwa vyao wamevishika mkononi, na kichwa kinaimba. Chini hapo bendi ya Gojira inapiga magitaa yananguruma, moto unalipuka, utepe mwekundu unarushwa kila mahali kama damu.

Najua watu wakisikia Paris wanafikiria ile meza ndefu iliyoonekana kama Karamu ya Mwisho ya Yesu, nitaifikia, lakini kwa nyumba yetu kitu cha kwanza kilichotusumbua ni hicho kichwa. Kijana alikuwa na miaka 7. Aliniuliza polepole, "Mum, kichwa yake iko wapi?" na mkono wake umeshika nguo yangu. Nikamwambia huyo ni Marie Antoinette, alikuwa malkia wa Ufaransa, alifungwa hapo hapo kwa hilo jengo kabla akatwe kichwa mwaka wa 1793. Ni ukweli, na ni historia Wafaransa wana haki ya kuisema, lakini si kitu nilikuwa nimejipanga kumwelezea mtoto wa miaka 7 usiku kabla ya kulala. Alilala kwa kitanda chetu siku mbili. Na ninachoshangaa mpaka leo ni vile watu wazima walibishana wiki nzima juu ya meza na sikusikia mtu hata mmoja akitaja kichwa, juu sisi tunaangalia na macho ya watu wazima, tunapima uchi na dini, tunasahau mtoto anaogopa vitu vyake tofauti.

Baada ya hapo kukaja kipande cha vijana watatu kwa maktaba, wanaangaliana na vitabu mkononi, wanafuatana mbio kwa ngazi, wanaingia chumbani wameshikana na mlango unafungwa. Shiru wakati huo alikuwa 11, macho iko kwa simu lakini mzazi anajua mtoto wake akiwa anaona. Mama mkwe akaniambia, bila ukali hata kidogo, "Mama Shiru, si mlisema hii ni ya mbio?"

Na meza yenyewe sasa. Kwa daraja, watu wamejipanga nyuma ya meza ndefu, alafu mwimbaji Mfaransa Philippe Katerine anatokea kwa sinia kubwa, amepakwa rangi ya samawati mwili wote, karibu uchi. Wakristo wengi duniani waliona Karamu ya Mwisho ya Yesu inachezewa. Maaskofu Wakatoliki wa Ufaransa walilalamika wazi, ingawa hata wao walikubali sherehe ilikuwa na mazuri yake. Thomas Jolly aliyeiongoza alisema alikuwa anafikiria karamu ya miungu ya kale ya Olympus, na siku mbili baadaye msemaji wa waandalizi Anne Descamps akaomba radhi kwa wale walioumia. Mi nachukua neno la Jolly vile alivyolisema. Lakini mama mkwe ni wa Woman's Guild, chama cha kina mama wa kanisa la PCEA, zaidi ya miaka 30 na hakuna mtu alikuwa amemwambia chochote kuhusu miungu ya Wagiriki. Yeye aliona meza, akaona watu wamejipanga, akaona mtu hana nguo. Akakunja leso yake, akasema amechoka, akaenda kulala.

Hapo ndo nilisikia vibaya zaidi, juu sehemu nzuri zilikuwa bado zinakuja. Yule farasi wa chuma anakimbia juu ya maji usiku. Wanamichezo wa Ufaransa Teddy Riner na Marie-José Pérec wanawasha moto na unapanda juu na puto. Na Celine Dion, ambaye ugonjwa ulikuwa umemtoa jukwaani miaka, amesimama kwa Eiffel Tower mvua imetoka kunyesha, anaimba na sauti yote. Ilikuwa imepita saa sita usiku hapa Nairobi na shosho yuko chumbani amelala.

Kwa hivyo Paris kama shoo naipatia nane juu ya kumi. Kama kitu cha kuangalia na familia, nne.

Sasa linganisha na Olimpiki ya Tokyo, 23 Julai 2021. Ilianza saa nane mchana kwetu, watoto wako likizo, na Nairobi ilikuwa na kafyu ya korona kwa hivyo watu hawatembei sana. Uwanja wa huko haukuwa na mashabiki, ni huzuni kuona, lakini kwa sebule ilikuwa siku ya maana sana. Kuna wale watu waliovaa nyeupe na samawati wakiigiza zile alama zote 50 za michezo moja baada ya ingine, mbio mbio. Watoto walishinda wakiiga hapo kwa kapeti, Shiru anafanya kurusha mshale, kakake akiwa na miaka 4 hata hajui mchezo gani anaiga. Droni 1,824 zikapanda juu ya uwanja zikatengeneza dunia inazunguka. Na gwaride la timu, masaa yote hayo, ndo mi naona ni sehemu bora kabisa ya hizi sherehe kwa familia na watu wengi wanaitoroka ati inachosha. Kila nchi inaingia na nguo zake, tulitoa atlasi ya shule tukawa tunatafuta Kiribati iko wapi, Bhutan iko wapi, mama mkwe anauliza hawa wanakula nini huko. Pita Taufatofua wa Tonga akaingia kifua wazi amejipaka mafuta anang'aa, kiunoni amejifunga mkeka wa kwao, na mama mkwe akasema tu huyo kijana amelelewa vizuri. Kifua wazi hakikumsumbua. Ni mavazi ya watu, inaonekana na inaeleweka, ndo maana mi siwezi sema shida ni ngozi kuonekana. Alafu Andrew Amonde wa raga na Mercy Moim wa voliboli wakaingia na bendera yetu na tukapiga kelele mpaka jirani akagonga ukuta.

Paris hicho ndo kitu nilikosa. Omanyala wa mbio fupi na Triza Atuka wa voliboli ndo walishika bendera lakini mashua zinapita, zingine zina timu kadhaa pamoja, kamera inahama kwenda kwa dansa, unaona Kenya kidogo alafu imeenda. Mtoto aliuliza "tumeshapita?"

Kombe la Dunia la Qatar, 20 Novemba 2022, Jumapili jioni kabla ya mechi ya saa moja. Hii naipatia tisa. Morgan Freeman anatembea kwa uwanja, anakutana na Ghanim Al Muftah, kijana aliyezaliwa bila sehemu ya chini ya mwili, na huyo mzee anashuka anakaa chini ndo waongee wakiwa kimo kimoja, Ghanim anamsomea aya ya Kurani ile inasema tuliumbwa mataifa na makabila ndo tujuane. Mama mkwe mwenye Woman's Guild yake alitikisa kichwa akasema "kweli kabisa". Kijana wangu akauliza miguu ya Ghanim iko wapi, na hilo swali, tofauti na lile la Paris, nilifurahi kulijibu, tuliongea mpaka mechi ikaanza na hata baadaye akiwa anaoga. Najua pia mambo ya wafanyakazi waliojenga vile viwanja, hapa Kenya kuna familia nyingi zina mtu wao Ghuba, na Shiru nilimwambia, juu uzuri wa sherehe haufuti hayo.

Kombe la Dunia la Urusi 2018 lilikuwa sawa tu mpaka mwimbaji Robbie Williams akaonyesha kamera kidole cha kati, laivu, jioni kabla ya mechi ya saa kumi na mbili, saa ambayo kila mtoto wa Nairobi ametoka shule. Ni kitu cha sekunde moja na hakuna remoti ina mbio hivyo.

Super Bowl, ile fainali ya futiboli ya Marekani, watu wananiuliza sana lakini kwetu ile shoo ya mapumziko inakuja kama saa kumi alfajiri ya Jumatatu, mtoto amelala. Kitu inafaa mjue ni ile ya 2004 pale Houston, Justin Timberlake alivuta nguo ya Janet Jackson titi likaonekana chini ya sekunde moja, mamlaka ya mawasiliano ya huko ikapiga kituo cha CBS faini ya dola 550,000 na mahakama baadaye ikaifuta. Masaa yanatulinda lakini simu haitulindi, juu asubuhi hiyo hiyo vipande viko kwa kila simu na mtoto anaviona bila mtu wa kumwelezea.

Na hapa ndo shida yangu yenyewe iko. Filamu hapa Kenya lazima ipite kwa KFCB, ile bodi ya kuainisha filamu, inapewa alama, GE ya watu wote, PG ya watoto wakiwa na mzazi, 16, 18, najua nachukua nini. TV nayo ina sheria ya kuanzia saa kumi na moja asubuhi hadi saa nne usiku, vitu vionyeshwe vya kufaa familia. Sherehe ya ufunguzi ni laivu, imeingia kwa chaneli ya michezo, hiyo chaneli hakuna mzazi namjua ameiwekea namba ya siri, na kipande cha kichwa kilipita saa nne haijafika. Simtaki mtu akatiwe sanaa yake. Mstari mmoja tu kwa skrini kabla ianze, ati kuna mandhari yanaweza kutisha watoto wadogo, ungenitosha mimi, ningejua kumpeleka kijana kupiga mswaki wakati huo.

Na kuna kitu kinaniudhi kuliko madansa wote wa Paris nacho ni matangazo ya kamari katikati. Mwaka wa 2025 bodi ya kamari ilisimamisha matangazo hayo siku 30 na kwa hizo siku tuliangalia mpira kwa amani. Kijana wa miaka 8 hafai kujua odds ni nini. Wangu anajua, na hakufunzwa na Katerine.

Fainali ya CHAN, ile ya Afrika ya wachezaji wa ligi za nyumbani, pale Kasarani, 30 Agosti 2025, mwimbaji Zuchu wa Tanzania alitumbuiza, Morocco wakapiga Madagascar 3-2, tuliangalia wote mpaka mwisho na hakuna mtu aliamka kwa kochi. AFCON ya 2027, Kombe la Mataifa ya Afrika, inakuja kwetu na Tanzania na Uganda, na mi ningependa sana wenye watapanga sherehe wakumbuke kuna sebule zimejaa watu wa kila umri zitakuwa zinaangalia, wakae na hiyo picha mezani wakipanga.

Jumapili baada ya Paris, tumetoka kanisa, nilimtafutia mama mkwe ile ya Celine Dion kwa simu. Aliishika karibu na sikio, akaangalia yote, akaniambia rudia. Akauliza huyu aliimba saa ngapi, nikamwambia ilikuwa imepita saa sita usiku.

"Mngeniamsha," akasema.