Diski Pacha kwa Kompyuta ya Nyumbani: Seagate IronWolf na WD Red Plus za Terabaiti 4

Kwa miezi 14 sasa kompyuta yangu ya nyumbani, hapa Dar es Salaam, imekuwa ikihifadhi kila kitu katika diski mbili zinazofanya kazi kama pacha: Seagate IronWolf ya terabaiti 4 yenye namba ST4000VN006, na WD Red Plus ya kampuni ya Western Digital, ya ukubwa huohuo, yenye namba WD40EFPX. Kila kinachoandikwa kwenye moja huandikwa pia kwenye ya pili, ili moja ikifa nyingine iendelee kubeba mzigo bila kazi kusimama. Nilizinunua baada ya kufiwa na diski moja iliyokuwa na picha za familia za miaka 11 na sauti ya marehemu bibi yangu akisimulia hadithi. Sehemu kubwa ya picha nilizikusanya upya kutoka kwenye simu za ndugu. Sauti ya bibi haikupatikana.

Ukiingia katika duka la kompyuta, Kariakoo au katikati ya jiji, swali la kwanza utakaloulizwa ni la ukubwa, na la pili ni la bei. Kwa diski itakayokaa peke yake ndani ya kompyuta, huenda maswali hayo yakatosha. Kwa diski pacha hayatoshi hata kidogo, kwa sababu siku pekee ambayo pacha huwa na maana ni siku ambayo mmoja amekufa, na siku hiyo yule aliyebaki atasomwa kutoka mwanzo hadi mwisho bila kupumzika huku diski mpya iliyochukua nafasi ya aliyekufa ikiandikwa kwa saa nyingi mfululizo. Diski inayokwenda vizuri siku za kawaida inaweza kushindwa kazi hiyo.

Jambo la kwanza nililoliangalia ni namna diski inavyoandika. Katika aina ya CMR mistari ya data hukaa sambamba, kila mmoja kwenye nafasi yake. Katika aina ya SMR mistari hupandana kama makuti juu ya paa, ili data nyingi zaidi ienee kwenye sahani ileile, na kama ilivyo kwa paa la makuti, ukitaka kubadilisha kuti la chini huna budi kuyainua yaliyo juu yake na kuyarudisha tena. Kwa mtu anayehifadhi filamu chache hilo halionekani, lakini diski ikiandikiwa kwa wingi na kwa mpangilio usiofuatana, kasi yake huporomoka.

Aprili 2020 ilibainika kwamba Western Digital ilikuwa imeingiza SMR katika baadhi ya diski zake za WD Red za terabaiti 2 hadi 6, zile zile zilizouzwa kwa ajili ya hifadhi za namna hii, bila kuwaambia wanunuzi. Tovuti ya ServeTheHome iliipima WD40EFAX, mojawapo ya diski hizo, katika ZFS, mfumo wa kuhifadhi data kwenye diski nyingi kwa pamoja, na kazi ya kujaza diski mpya, ambayo diski za CMR ziliimaliza kwa saa zisizofika siku moja, iliichukua zaidi ya siku 9. Ni haki kusema kwamba mpangilio wa jaribio hilo haukuwa wa pacha wawili, na kwamba pacha wanaonakiliwa kwa kufuatana hawaumii kwa kiasi hicho. Hata hivyo, siku 9 za kuitegemea diski moja tu ni siku ambazo sitaki kuziishi. Mwaka huohuo kampuni iligawa jina hilo: WD Red Plus na WD Red Pro zikawa za CMR, na WD Red tupu ikabaki ya SMR. Kwa hiyo neno hilo dogo "Plus" kwenye lebo si pambo. Muuzaji akikuambia ni kitu kilekile, mwonyeshe namba ya modeli. Kwa upande wa Seagate, familia yote ya IronWolf ni ya CMR, ilhali Barracuda ya terabaiti 4, ST4000DM004, ambayo ndiyo rahisi zaidi kuipata na yenye bei ya kuvutia, ni ya SMR.

Jambo la pili halionekani kwenye lebo yoyote, nami naliona ndilo zito zaidi. Kila diski hukutana na kipande kisichosomeka siku moja. Diski ya kawaida ya kompyuta hudhani iko peke yake duniani, hivyo hukazana kukisoma tena na tena, pengine kwa dakika nzima au zaidi, kwa kuwa hakuna mwingine mwenye nakala. Lakini Linux, mfumo endeshi wa kompyuta yangu, kwa kawaida huisubiri diski sekunde 30 tu kabla ya kuiona imeganda, na matokeo yake diski nzima hutolewa kwenye pacha kwa kosa la kipande kimoja. Diski zilizotengenezwa kwa hifadhi za pamoja hukata tamaa baada ya sekunde 7, zikaripoti kosa, na mfumo ukachukua kipande hicho kutoka kwa pacha mwenzake na kukiandika upya. Nilizipima zote mbili kwa programu ya smartctl siku ya kwanza kwa amri ya "smartctl -l scterc", na zote zilitoa 70, yaani sehemu 70 za kumi za sekunde, bila mimi kugusa chochote. Ukishanunua diski isiyo na uwezo huo, kinachobaki ni kuongeza muda wa kusubiri upande wa Linux, na jambo hilo ni rahisi kulisahau siku ya kubadilisha kompyuta.

Nilichanganya kampuni mbili kwa makusudi. Diski mbili zilizotoka kiwanda kimoja, wiki moja, katika boksi moja, zikasafiri pamoja na kuwashwa siku moja, hubeba ila zilezile na huchakaa kwa mwendo unaofanana, na kifo cha ya kwanza kinaweza kuwa hodi ya ya pili. Wengi huogopa kwamba kampuni tofauti hutoa ukubwa tofauti. Kwa diski hizi zote mbili mfumo ulinionyesha baiti 4,000,787,030,016, sawasawa hadi ya mwisho, kwa kuwa viwanda hufuata hesabu moja ya sekta kwa kila ukubwa.

Kuhusu jina la kampuni lenyewe, sioni sababu ya kuliapia. Backblaze, kampuni ya Marekani inayohifadhi data za watu na kuchapisha takwimu za diski zake tangu 2013, ilionyesha jinsi ST3000DM001 ya Seagate ilivyokufa kwa wingi, huku diski za terabaiti 4 za kampuni hiyohiyo zikidumu miaka. Hukumu huwa ya modeli.

Sasa duka. Duka la kwanza nililoingia, ambalo sitalitaja, liliniuzia diski "mpya" ndani ya mfuko uliofungwa vizuri. Nilipoichomeka nyumbani na kusoma kumbukumbu zake za SMART, yaani taarifa za afya ambazo diski hujiandikia yenyewe, ilikuwa imeshafanya kazi saa zaidi ya 19,000, yaani miaka miwili na ushei ya kuwaka usiku na mchana. Nilirudishiwa fedha baada ya mabishano marefu. Mji wetu umejaa kamera za ulinzi, na diski zinazotolewa kwenye mitambo hiyo huishia sokoni zikiwa zimefutwa vumbi. Wala hesabu ya saa si ushahidi wa mwisho, kwa sababu inaweza kurudishwa sifuri: mwanzoni mwa 2025 tovuti ya Kijerumani ya heise iliandika kuhusu diski za Seagate zilizotumika na kuuzwa kama mpya baada ya kufutwa namna hiyo. Diski nyingi za Seagate hutunza kumbukumbu nyingine iitwayo FARM, inayosomwa na smartctl kuanzia toleo la 7.4, na hesabu mbili zisipolingana, irudishe diski dukani siku hiyohiyo. Duka la pili lilinikubalia kuzipima kwenye kompyuta yao kabla ya kulipa, likaandika namba ya kipekee (serial) ya kila diski kwenye risiti, na wafanyakazi hawakuonyesha kukerwa na maswali yangu. Hapo ndipo niliponunua zote mbili, kila moja ikiwa na waranti ya miaka 3.

Katika matumizi, tofauti kati yao ni ndogo. Zote huzunguka mara 5400 kwa dakika. IronWolf husikika zaidi inapotafuta data, na chumbani usiku utaitambua. WD Red Plus ni kimya na kwangu huwa baridi kwa nyuzi mbili au tatu. Mwezi Februari, joto la Dar lilipokuwa halivumiliki, IronWolf ilifika nyuzi 46 nikaiwekea feni mbele yake, ikashuka hadi 39. Atakayesoma SMART ya Seagate kwa mara ya kwanza asishtuke akiona mamilioni kwenye mistari ya 1 na 7, kwa maana ndivyo kampuni hiyo inavyoziandika hesabu zake. Mistari ya kuitazama kila wiki ni 5, 197 na 198, inayohesabu vipande vilivyoharibika au visivyosomeka, na kwangu yote mitatu bado ni sifuri kwa diski zote. Mstari wa 199, unaohesabu makosa ya mawasiliano kati ya diski na kompyuta, uliwahi kupanda kwa WD Red Plus, nikabadilisha kebo ya SATA, ukaacha.

Umeme umekatika mara nyingi katika miezi hiyo. Kwa kuwa niliiwekea mdadm, programu ya Linux inayoziunganisha pacha, ramani ya maandishi, yaani kumbukumbu ya sehemu zilizokuwa zikiandikwa, pacha wakiachana kwa kukatika ghafla husawazishwa sehemu zilizobadilika tu, kwa dakika chache, badala ya saa 8 na zaidi za kusawazisha diski nzima. UPS ndogo (betri ya kushikilia kompyuta umeme ukikatika) niliyoiongeza baadaye ilipaswa kununuliwa siku moja na diski.

Pacha hazikuzuii kufuta faili kwa makosa, kwani kinachofutwa kwenye moja hufutwa kwenye ya pili papo hapo, hivyo nakala ya tatu ipo kwa dada yangu Morogoro, kwenye diski ya nje ninayoibadilisha kila likizo.

Mwezi wa 10 nilifanya jaribio nililokuwa naliogopa: nilizima kompyuta, nikachomoa IronWolf, nikaiwasha kompyuta tena. Kila faili lilifunguka. Nilipoirudisha kama diski ngeni, kazi ya kuijaza ilikwisha kwa saa 8 na dakika 40, na WD Red Plus haikutoa kosa hata moja. Kabla ya kufunga kasha nilibandika nje ya kila diski karatasi yenye tarakimu nne za mwisho za namba yake ya kipekee, zikitazama mlango, kwa sababu siku moja ikifa kweli nitakuwa na haraka, na mkono wenye haraka unaweza kuchomoa ile iliyo hai.