AncestryDNA kwa Mganda aliyekulia Marekani: ndugu utawapata, ukoo hapana

Vijana wa Kiganda waliozaliwa Waltham au Dallas hununua AncestryDNA, kipimo cha vinasaba kinachotumia mate, wakitaka kujua wao ni wa wapi hasa. Bei yake ya kawaida ni kama dola 99, lakini usingoje kulipa hiyo. Ofa za sikukuu huishusha sana.

Kutoa mate kuna mitego yake. Kwa dakika 30 kabla, usile, usinywe, usivute sigara, usitafune chingamu. Jaza hadi kwenye mstari bila kuhesabu povu. Wengi hukosea hapo, na maabara huomba sampuli nyingine. Kaza kifuniko mpaka dawa iliyomo ishukie kwenye mate, kisha tikisa. Sajili namba ya kichupa mtandaoni kabla ya kwenda posta, la sivyo maabara haitajua mate ni ya nani.

Asilimia za asili ndizo dhaifu zaidi. Kampuni hulinganisha vinasaba vyako na vya watu wa mfano iliowakusanya, na Wabantu walisambaa Afrika Mashariki na Kusini katika miaka elfu chache tu. Kwa hiyo usitarajie kipimo kimtofautishe Muganda na Musoga au Munyoro, majirani zake wa Kibantu. Mwenye baba Muganda na mama Mwacholi, ambaye si Mbantu, ataona mgawanyo ulio wazi zaidi. Asilimia zikibadilika mwakani, usishtuke: kilichobadilika ni kundi la kulinganishia.

Tena Buganda hakuna atakayekuuliza asilimia. Utaulizwa ukoo: Ngabi, Mmamba, Ffumbe, Nkima? Ukoo hufuata baba, na anayejua kulanya, yaani kujitambulisha kwa nasaba, hutaja jina lake, la baba na la babu, kisha ngazi za ukoo, lunyiriri, mutuba na ssiga, hadi mkuu wa ukoo. Mtoto wa mama Muganda na baba Mmarekani anaweza kupata nusu kamili ya Afrika Mashariki, na kwa ukoo wa mama yake bado akawa mujjwa tu, yaani mtoto wa binti wa ukoo. Wa ukoo mmoja hawaoani, hata kama vinasaba vyao havionyeshi udugu wowote. Hilo mwulize ssenga (shangazi yako) kabla ya kuchumbia.

Kwenye kutafuta ndugu, kipimo kinalipa. Binamu wa kwanza huchangia nawe karibu asilimia 12.5 ya vinasaba. Ukiona 25, huyo anaweza kuwa babu, shangazi, mpwa au ndugu wa mzazi mmoja, kwa hiyo tazama umri na ndugu mnaoshiriki kabla ya kutuma ujumbe. Kuna baba wengi ambao siri zao zimefichuka hivyo. Ila wateja wengi wako Marekani. Jamaa wa Mukono, kule Uganda, huwapati humo.

Kutafuta ndugu, nyota nne kati ya tano. Kutafuta kabila, moja. Mshindani wake, 23andMe, aliomba ulinzi wa kufilisika Machi 2025, basi ukishapata majibu pakua data yako, omba sampuli iharibiwe, halafu ufute akaunti.